Kesi ya kipigo ikigawanywa milango minne

Mimi ni wakili hapa Mtwara, na kesi za ndoa hunijia kwa wingi msimu wa korosho, malipo ya mnada yakishaingia. Ugomvi huanzia kwenye hela, kisha mama anapigwa.

Tazama njia anayopita mama huyo. Anaanzia polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, anapewa PF3, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa, anakwenda hospitali. Kesi ya jinai inafunguliwa mahakamani. Akitaka talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka kwanza apite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Matunzo ya watoto anaelekezwa ustawi wa jamii. Kila mlango anasimulia upya, na huku hawajui kule kumeamuliwa nini. Mume anaweza kupata dhamana leo, keshokutwa baraza likawakalisha wote wawili benchi moja "wayamalize".

Mahakama maalumu za ukatili wa majumbani zimebuniwa kuziba mapengo hayo. Hispania ilizianzisha kwa sheria ya mwaka 2004. Hakimu yuleyule anayeshughulikia kipigo ndiye anayesikiliza talaka, malezi na matunzo, na ombi la amri ya ulinzi linatakiwa kuamuliwa ndani ya saa 72. Amri hiyo humtoa mume nyumbani, humzuia kumsogelea mke, na papo hapo inaweza kumwagiza alipe matunzo.

Hilo la matunzo ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Watu hushangaa mbona wanawake wanafuta kesi. Huku kusini nimeona sababu: wajomba na wazee wamekuja, wamesema yaishe nyumbani, na mama hana unga wala ada. Hakimu aliyezoea mashauri haya hafungi jalada kwa sababu tu mama amesema amesamehe. Anauliza nani anamlisha, analala wapi, nani alimfuata jana usiku. Anajua pia kwamba siku mwanamke anapoondoka ndipo hatari huwa kubwa zaidi.

Sisi Tanzania hatuna mahakama ya namna hiyo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinakataza wazi kumpiga mwenza, lakini hatuna sheria mahsusi ya amri za ulinzi kama ile waliyoitunga wenzetu Kenya mwaka 2015. Kilicho karibu ni Kituo Jumuishi cha Temeke, Dar es Salaam, kinachokusanya mashauri ya familia mahali pamoja. Ni hatua nzuri, ingawa hakikuundwa kwa ajili ya ukatili, na kutoka Newala hadi Temeke ni safari ya kutwa nzima.

Kwa hiyo dada, ukiwa Lindi au Mtwara, unganisha majalada yako mwenyewe. Tunza nakala ya PF3 na uiambatishe kwenye maombi ya talaka. Mwombe mwendesha mashtaka aiombe mahakama iweke sharti la dhamana kwamba mume asikukaribie. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu kutopitia baraza pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida. Kipigo chenye vitisho kijengewe hoja hapo, tena kwa maandishi. Shauri la ndoa likishafunguliwa, omba zuio la kubughudhiwa, maana hakimu ana uwezo wa kulitoa. Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya yako, na uende kabla ya tarehe ya kesi kufika.