Msanii wa ngoma moja: eti amechuja, amefulia? Tunavyodhani na ilivyo kweli

Wimbo wa zamani ukipigwa mahali lazima atokee mtu aulize "huyu jamaa siku hizi yuko wapi?" na mwenzake anamjibu fasta, alichuja huyo, akafulia, sijui unga, basi kesi imefungwa. Tunajua wimbo mmoja tu wa mtu halafu tunampangia maisha yake yote. Haya ndio yanayosemwa sana.

Dhana: ilikuwa bahati ya mtende, kaanza jana leo katoboa

Mara nyingi ni kinyume kabisa. Los del Río, wale wa "Macarena" iliyokaa namba moja Marekani wiki 14 mwaka 1996, walikuwa wanaimba pamoja kwao Hispania tangu miaka ya 60, yaani walikuwa wazee wa kazi tayari. Psy wa "Gangnam Style" alianza kutoa albamu 2001, ile ngoma ya 2012 imo kwenye albamu yake ya 6, Korea Kusini walikuwa wanamjua kitambo, sisi ndio tulichelewa kufika.

Ila ya a-ha kutoka Norway ndio naipenda zaidi. "Take On Me" ilipotoka 1984 ilibuma, wakairekodi upya na prodyuza mwingine, wakaja kutengeneza video mpya ile ya michoro ya penseli, ndipo 1985 ikapanda mpaka namba moja Marekani. Wimbo uleule! Sasa mtu aliyehangaika hivyo na wimbo mmoja unamwambiaje kaokota dodo?

Dhana: baada ya hapo akapotea

Kapotea kwa nani? Haohao a-ha Marekani bado wanahesabiwa watu wa wimbo mmoja (na hata hilo si kweli, wimbo wao uliofuata uliingia 20 bora kulekule), wakati Januari 1991 walipiga shoo uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mbele ya watu karibu laki mbili, ikaingia kwenye rekodi za dunia za Guinness. Tatizo tunachukua chati za nchi moja tunazifanya ndio dunia nzima.

Na kuna wanaohamia nyuma ya pazia. Linda Perry alivuma na bendi ya 4 Non Blondes 1993, "What's Up?" ile ya kupiga kelele, wengi wanadhani stori yake iliishia pale, kumbe ndiye aliyemwandikia Pink "Get the Party Started" na Christina Aguilera "Beautiful". Bobby McFerrin naye, yule wa "Don't Worry, Be Happy" ya 1988, ana Grammy 10 na alishasimamia orkestra kabisa akiwa na kijiti mkononi. Ukimwita aliyechuja mbele ya watu wa jazi watakucheka tu.

Dhana: ngoma kubwa vile, hela anayo mpaka leo

Hapa ndio pana mambo, na ndio watu wanapokosea zaidi.

Wimbo una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna haki ya rekodi yenyewe, ile masta, ambayo mara nyingi inashikwa na lebo, yaani kampuni ya muziki. Anayeimba kama hakutunga, upande wa kwanza hana chake. Marekani ndio kali zaidi, redio za kawaida zinamlipa mtunzi wimbo ukipigwa lakini aliyeimba hapati hata senti. Rick Astley ni mfano mzuri (na jamani si mtu wa wimbo mmoja, alishika namba moja Marekani mara mbili), "Never Gonna Give You Up" hakuitunga yeye, waliitunga maprodyuza wake watatu, kwa hiyo ile mizaha yote ya intaneti tangu 2007, ya kumtumia mtu linki akiifungua anakutana na wimbo huo, si kwamba kila mtu akinaswa mfuko wa Astley unanona.

Halafu kuna advansi, watu wanaidhani ni zawadi. Tuseme lebo imekutangulizia 100 ya kurekodi na kuishi, na mkataba wako unakupa asilimia 15. Wimbo ukaingiza 500, sehemu yako ni 75. Hiyo 75 huioni, inakwenda kulipa deni la ile 100, na bado unadaiwa 25. Lebo wao wamebaki na 500 yote, yaani 425 yao na ile 75 yako ya deni, toa 100 waliyotanguliza, wana 400 mkononi. Yaani ngoma inatamba kila kona na msanii kihesabu bado ana deni, na ni halali kabisa kwa sababu alisaini. Albamu ya pili inaanza na deni hilo juu, lebo wakiona haina dalili wanakata bajeti ya promo, sisi huku tunasema kipaji kimeisha.

Dhana: akinyamaza ujue maisha yamempiga

Wengine wameamua wenyewe. Astley aliacha muziki 1993 akiwa na miaka 27 akalee mtoto, baadaye akarudi, na 2016 albamu yake ikashika namba moja Uingereza. Gotye baada ya wimbo wake mkubwa, "Somebody That I Used to Know", kubeba Grammy 2013 hakukimbilia kutoa mwingine, na matangazo kwenye video zake YouTube aliyakataa, akaenda kushughulika na kinanda kimoja cha zamani cha umeme kinaitwa Ondioline. Mimi nisingeweza kuacha hela ile, ila ndio hivyo.

Dhana: wimbo ukivuma upya kwenye filamu au tangazo, mwenyewe katajirika

Inategemea masta ni ya nani. Ndio maana ukitafuta ngoma za zamani unakuta ileile imewekwa mara mbili, moja tarehe ya kwanza kabisa, nyingine mpya mpya, sauti imezeeka kidogo na vyombo vinalia tofauti. Mashabiki wanalalamika "mbona sio yenyewe". Mara nyingi ni msanii kaingia studio akairudia ili safari hii rekodi iwe yake, na mwenye filamu akitaka ile sauti azungumze naye.