Wizi wa utambulisho: mwizi anapotumia jina lako

Wizi wa utambulisho ni mtu kutumia jina lako, namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kidole chako au laini yako na kujifanya ni wewe. Kitambulisho chenyewe waweza kuwa nacho mfukoni, ndiyo maana wengi huchelewa kujua. Wanashtukia wanapopigiwa simu kudaiwa mkopo wasioujua.

Hapa Tanzania mlango mkubwa ni laini ya simu. Tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019, kila laini ya Mtanzania imefungwa kwenye namba ya NIDA. Umesimama kwa wakala chini ya mwavuli, umeweka kidole, anakwambia, "Hakijasoma, weka tena." Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo ambao kwa kidole hicho cha pili husajili laini nyingine, wakamuuzia tapeli. Laini ni yake, jina ni lako.

Ukishtuka, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika, si kwa wakala, waifute. Na kama laini yako mwenyewe imekata mtandao ghafla, huenda kuna mtu ame-renew, yaani amechukua laini mpya yenye namba yako. Usingoje kesho: azima simu ya jirani, piga kampuni ya simu na benki wazuie pesa kutoka.

Kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani karatasi yenye namba ya taarifa uliyotoa. Wengi huona ni kujisumbua kwa sababu pesa imeshaliwa. Kwangu hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, kwa sababu RB ina tarehe. Laini ile ikitapeli mtu wiki ijayo, una karatasi inayoonyesha kwamba ulishalalamika kabla. Ukiambiwa hayo ni mambo ya kampuni ya simu, usiondoke. Kujifanya mtu mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Kuhusu mkopo, mwandikie mkopeshaji barua, ambatisha nakala ya RB, dai akuonyeshe mkataba na namba ambayo pesa iliingia. Tafadhali usilipe hata elfu kumi "ili yaishe", maana malipo hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa umekubali deni. Akiendelea kutumia taarifa zako, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotokana na sheria ya 2022.

Badilisha na PIN zote siku hiyohiyo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo kama PIN yako ni mwaka wako wa kuzaliwa, aliyeshika namba hiyo anayo tayari. PIN unaweza kuibadilisha kila ukitaka, NIDA ni ileile, hivyo rudia *106# kila mwezi hata baada ya kesi kuisha.