Land Rover kuukuu isiyo na kadi: soma bodi kabla ya kuagiza vipuri

Ukipata bodi ya Land Rover ya zamani isiyo na kadi ya usajili wala kibao cha namba, usiitambue kwa sura ya mbele. Madigadi, shoo (grili ya mbele) na boneti vimefungwa kwa bolti, na kwa miaka mingi mafundi wamefunga chochote kilichopatikana. Series IIA yenye sura ya Series III, yaani toleo moja lenye sura ya jingine, ni jambo la kawaida kabisa.

Mimi huanza na ubavu. Series I, iliyotoka mwaka 1948, ubavu wake umenyooka kama ubao. Kuanzia Series II ya 1958, chini kidogo ya usawa wa madirisha kuna bega la mviringo linalokwenda urefu wote wa gari. Bega hilo likiwepo kwenye milango na kwenye bodi ya nyuma, Series I imeshatoka kwenye hesabu.

Kisha chukua futi kamba. Gari likiwa mahali tambarare na magurudumu yamenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Sentimita 203 ni Series I ya mwanzo, ya inchi 80. Sentimita 218 au 272 ni zile za inchi 86 na 107 zilizofuata mwaka 1954. Sentimita 224 au 277, yaani inchi 88 na 109, zilianza 1956 zikaendelea hadi mwisho wa Series III mwaka 1985. Pima pande zote mbili, kwa sababu springi iliyolala husogeza ekseli, na kati ya 86 na 88 tofauti ni sentimita 5 tu. Ukibaki na shaka, tazama mbele ya mlango: inchi 2 hizo ziliongezwa upande wa injini ili dizeli mpya ipate nafasi.

Sasa ingia ndani. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva ni kazi kubwa kuubadilisha, kwa hiyo ushahidi wake nauamini kuliko wa digadi. Series I, II na IIA zina saa za dashibodi (vipimo vya mwendo na mafuta) katikati. Series III, kuanzia 1971, saa ziko mbele ya dereva. Hata dashibodi ikiwa imeng'olewa, matundu yanabaki.

Taa zichukulie kama dokezo tu. Katikati, karibu na shoo, ni mtindo wa zamani. Zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960, Series IIA ikiwa bado inatengenezwa. Shoo ya plastiki ni ya Series III, lakini huvunjika upesi, na wengi huweka ya waya badala yake.

Pitisha sumaku pia. Madigadi, boneti na ngozi ya milango ni aluminiamu, haitashika. Ikishika hapo, kipande hicho kimechongwa upya kwa bati. Unga mweupe kwenye maungio ni aluminiamu inayoliwa ilipogusana na chuma penye unyevu.

Mwisho ni namba ya chasisi. Kwenye Series II, IIA na III tafuta upande wa kulia mbele, kwenye kishikio cha springi. Tumia mafuta ya taa na brashi ya waya ya mkono. Mashine ya kusaga hula tarakimu, na zikifutika hazirudi. Halafu paka chaki, ufute juu. Chaki itabaki ndani ya tarakimu zilizogongwa. Kwenye IIA ya petroli, namba inayoanza na 241 hadi 245 ni fupi (inchi 88), 251 hadi 255 ni ndefu ya kawaida (inchi 109). Tarakimu ya tatu inaeleza soko: 2 ni usukani wa kulia wa kuuzwa nje, 3 ni usukani wa kulia iliyosafirishwa vipande vipande ikaunganishwe huko. Herufi ya mwisho huonyesha mabadiliko ya muundo; usiisome kama mwaka.

Chasisi na ukuta vikipingana, una magari mawili katika moja. Springi na ekseli agiza kwa kufuata chasisi, dashibodi na nyaya kwa kufuata ukuta.