Usalama wa aina katika maswali ya hifadhidata ya grafu

Chukua soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mkulima anamuuzia dalali, dalali anamuuzia mwenye lori, na lori linashika barabara ya Gairo na Morogoro au linageuza kuelekea Dodoma mjini. Kwenye hifadhidata ya grafu kama Neo4j, kila mmoja wao huwa nodi, na kila mauzo huwa uhusiano unaounganisha nodi mbili. Ukitaka kujua gunia limepita mikononi mwa nani, unafuata mahusiano hayo moja baada ya jingine.

Kwa Cypher, lugha ya maswali ya Neo4j, swali la kupata majina ya madalali waliouziwa na wakulima ni hili:

`MATCH (m:Mkulima)-[:AMEUZIA]->(d:Dalali) RETURN d.jina`

Ndani ya programu ya Java, mstari huo mara nyingi hufungwa kwenye alama za kunukuu, na kompaila, yaani chombo kinachokagua na kutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, haijishughulishi na kilichomo. Ukiandika `Dallali`, programu itakompailiwa vizuri tu, itawaka, itatuma swali, na Neo4j itarudisha jibu tupu. Onyo hutolewa, lakini linakaa kwenye muhtasari wa matokeo, mahali ambapo programu nyingi hazitazami. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko programu kuzimika. Ikizimika, mtu ataitengeneza. Jibu tupu, afisa wa ushirika ataliamini na kuandika kwenye ripoti kwamba wakulima wale hawakumuuzia dalali yeyote.

Usalama wa aina ni kulijenga swali kwa vitu vya Java vyenyewe, ili kompaila ilikague kabla programu haijawashwa. Maktaba ya Cypher-DSL imetengenezwa kwa kazi hiyo:

```
var m = Cypher.node("Mkulima").named("m");
var d = Cypher.node("Dalali").named("d");
var swali = Cypher.match(m.relationshipTo(d, "AMEUZIA"))
    .returning(d.property("jina"))
    .build();
```

Jaribu kuondoa `returning` uone: kompaila inakataa, kwa sababu kitu kinachotolewa na `match` hakina `build`. Swali lisilokamilika haliandikiki.

Ila tazama tena, "Dalali" bado ni maandishi matupu. Sarufi imelindwa, majina bado, na wengi huishia hapa wakidhani wamemaliza. Anayetumia Spring Data Neo4j, maktaba inayounganisha klasi za Java na nodi za Neo4j, anaweza kuongeza kichakata anotesheni cha Cypher-DSL, chombo ambacho wakati wa kukompaili husoma klasi zako na kuzalisha nyingine, mfano `Dalali_`, yenye uga kwa kila sifa. Siku ukibadilisha `jina` kuwa `jinaKamili`, kila swali lililotumia jina la zamani linagoma kukompailiwa, na unaonyeshwa faili na mstari. Kwa mfumo utakaorithiwa na mtu mwingine, hatua hii isirukwe.

Thamani zinazotoka kwa mtumiaji zipitishe kama vigezo, yaani zitumwe kando ya swali, usiziunganishe kwenye maandishi ya swali, maana mtu anaweza kupenyeza amri zake humo.

Kompaila hulinganisha swali na klasi zako; data yenyewe haiioni. Neo4j hutofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye lebo, yaani jina la aina ya nodi, kwa hiyo mfumo mwingine ukiingiza nodi za `DALALI`, Java haitagundua. Hilo hukamatwa na jaribio linaloendeshwa dhidi ya hifadhidata yenye data iliyoingizwa na mfumo huo mwingine.