Poda ya mlo mbadala: marafiki wanabishania vitu vitatu kwa jina moja

Marafiki wanne wakiwa wamekaa pamoja, mmoja akataja kwamba ameanza kunywa poda badala ya chakula ili apungue, ubishi huanza hapo hapo. Wa kwanza atasema huko ni kujishindisha njaa tu. Wa pili atataja ndugu yake aliyepungua kilo kumi kwa miezi miwili. Wa tatu atakumbusha kwamba ndugu huyo huyo sasa amenenepa kuliko mwanzo. Wa nne atauliza, "Na dawa zako za presha je?"

Kila mmoja ana ukweli wake, na huyo wa nne ana hoja nzito kuliko wote. Lakini hawatafikia mwafaka, kwa sababu jina "mlo mbadala" linabeba mipango mitatu tofauti, yenye matokeo tofauti na hatari tofauti. Kabla ya kubishana, ulizaneni kwanza: unabadilisha milo mingapi kwa siku?

Mpango wa kwanza ni kubadilisha mlo mmoja. Huo unamfaa zaidi mtu aliyekwisha kupungua na anataka kubaki hapo alipo. Kwa anayetaka kupungua, mara nyingi hautoshi. Tuseme mtu anakula kilokalori 2,200 kwa siku: 500 asubuhi, 800 mchana na 900 usiku. Akinywa poda yenye kilokalori 220 badala ya mlo wa asubuhi, amepunguza 280. Soda mbili za mililita 330 zinatosha kuzirudisha karibu zote.

Mpango wa pili ni kubadilisha milo miwili na kubaki na mmoja wa kawaida. Mtu yuleyule sasa anapata 220 asubuhi, 220 mchana na 900 usiku, jumla 1,340. Amepunguza 860 kwa siku, au takriban 6,000 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kilokalori zipatazo 7,700, kwa hiyo atapungua karibu robo tatu ya kilo kila wiki mwanzoni, kisha kasi itashuka kadiri mwili unavyokuwa mwepesi. Hesabu hii inasimama kwa sharti moja: mlo wa usiku ubaki ule ule. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mchana wamejizuia, usiku wanajilipa.

Mpango wa tatu ni kuacha chakula chote cha kawaida kwa wiki 8 hadi 12, wakati mwingine zaidi, na kuishi kwa poda iliyokamilika, yaani yenye virutubishi vyote, inayotoa jumla ya kilokalori 800 hadi 850 hivi kwa siku. Huu ndio unaoleta zile kilo kumi kwa miezi miwili, na ndio usiofaa kuanzishwa kwa ushauri wa kijiweni.

Tukiwa bado kwenye hesabu, tusidanganywe na mzani wa wiki ya kwanza. Ini na misuli huhifadhi karibu nusu kilo ya wanga uitwao glaikojeni, na kila gramu yake hushikamana na gramu 3 hivi za maji. Mtu akipunguza chakula ghafla, akiba hiyo huisha kwa siku chache na maji yake hutoka kwa mkojo. Anayefurahi kwamba amepoteza kilo 3 kwa siku saba amepoteza maji kwa sehemu kubwa, na akirudi kula, kilo moja au mbili zitarudi hata kama hakukosea chochote.

Je, ni njaa tu?

Hoja ya rafiki wa kwanza ina historia nyuma yake. Marekani, mwaka 1977 na 1978, viliripotiwa vifo vipatavyo 60 miongoni mwa watu waliokuwa wakiishi kwa protini ya majimaji iliyotengenezwa kutokana na ngozi na viungo vingine vya wanyama. Protini hiyo, kolajeni, haina amino asidi (vijenzi vya protini) zote ambazo mwili unazihitaji, na madini kama potasiamu yalikuwa pungufu. Wengi waliokufa mapigo yao ya moyo yalivurugika.

Poda nzuri za leo hazifanani na hizo. Tume ya Codex Alimentarius, chombo cha viwango vya chakula cha mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), iliweka kiwango mwaka 1991: bidhaa inayochukua nafasi ya mlo mmoja iwe na kilokalori 200 hadi 400, na inayochukua nafasi ya chakula chote itoe 800 hadi 1,200 kwa siku, protini ikiwa kati ya asilimia 25 na 50 ya nishati yote. Hesabu hiyo unaweza kuifanya dukani. Gramu moja ya protini hutoa kilokalori 4. Sacheti, yaani kifuko cha poda ya mlo mmoja, ya kilokalori 220 inapaswa kuwa na angalau gramu 14 za protini. Ukikuta gramu 6, hicho ni kinywaji kitamu chenye vitamini na si mlo.

Tazama pia protini hiyo imetoka wapi. Maziwa, soya na mayai ni vyanzo vilivyokamilika. Kolajeni peke yake sivyo. Poda ya wajenga misuli haikidhi, maana ina protini nyingi huku mafuta, vitamini na madini vikiwa kidogo. Na vile vifuko vya "chai ya kupunguza tumbo" viko nje kabisa ya mjadala huu. Vingi vina dawa za kumfanya mtu aharishe kama sena, ambazo hutoa maji na kinyesi bila kugusa mafuta ya mwili. Katika baadhi ya bidhaa za kupunguza uzito imewahi kukutwa sibutramini isiyotajwa kwenye lebo, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo na mishipa ya damu.

Inafanya kazi kweli?

Ndiyo, na ushahidi wake ni mzuri kuliko wa mipango mingi ya kupungua. Nchini Uingereza utafiti uitwao DiRECT, uliochapishwa mwaka 2017, ulihusisha watu wenye kisukari aina ya 2 walioishi nacho kwa muda usiozidi miaka 6 na wasiotumia insulini. Baadhi yao walipewa poda ya kilokalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, wakarudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua, kisha wakafuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliopewa poda walikuwa na sukari isiyo ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifika hapo. Baada ya miaka miwili, asilimia ilikuwa imeshuka kutoka 46 hadi 36. Kwa hiyo rafiki wa pili hakukosea, na wa tatu pia hakukosea. Katika utafiti huo poda haikutolewa peke yake: kulikuwa na mtu wa kumpima mgonjwa, kurekebisha dawa zake na kumshika mkono wakati wa kurudi kwenye chakula. Anayenunua kopo na kwenda nalo nyumbani amechukua nusu ya tiba.

Swali la rafiki wa nne

Hapa tusifanye haraka. Mtu anapopunguza chakula kwa kiasi hiki, sukari na shinikizo la damu hushuka ndani ya siku chache, kabla uzito haujashuka sana. Dozi iliyokuwa sahihi juzi inageuka kuwa kubwa mno leo.

Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi na gliklazidi, anaweza kushukiwa na sukari hadi kutetemeka, kutokwa jasho la baridi, kuchanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Vidonge vya kisukari vya kundi la dapagliflozini na empagliflozini vina hatari nyingine: wanga ukipungua sana, damu inaweza kujaa asidi huku kipimo cha sukari kikionekana karibu na kawaida, na hivyo mgonjwa na ndugu zake wasishtuke mapema. Dawa za presha, hasa zinazoongeza mkojo, huleta kizunguzungu mtu anaposimama. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajue kwamba poda ina vitamini K, na kipimo chake cha kuganda kwa damu kitabadilika. Wote hawa wanaweza kufaidika na mpango huu, lakini daktari apange kwanza dawa ipi isimamishwe, ipi ipunguzwe, na vipimo vichukuliwe mara ngapi. Usiache dawa kwa uamuzi wako, na usianze poda ukiendelea na dozi ile ile kimya kimya.

Mpango wa tatu hauwafai kabisa wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18, wenye kisukari aina ya 1, wenye ugonjwa mkubwa wa figo au ini, waliopata shambulio la moyo hivi karibuni, na waliowahi kuwa na tatizo la kujinyima au kula na kujitapisha. Haumfai pia mtu asiye na uzito wa kutosha kupunguza. Ili kujua, tafuta uwiano wa uzito na urefu (BMI): chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe: kilo 90 na mita 1.65 ni 90 gawanya kwa 2.72, jibu ni 33. Katika DiRECT walikubaliwa wenye 27 hadi 45. Jambo moja husahaulika: kupungua hurudisha upevukaji wa mayai kwa wanawake ambao hedhi zao zilikuwa zimepotea, na mimba huingia bila kutarajiwa katikati ya mpango usioruhusu ujauzito.

Makosa ya jikoni na maudhi ya mwili

Makosa mengi ni ya kupima. Kijiko cha kopo kilichojaa hadi kuunda kilima kinaweza kubeba poda nyingi kuliko kilichosawazishwa, kwa hiyo pima kwa mizani siku za mwanzo. Soma kama maelekezo yanasema maji au maziwa. Mililita 300 za maziwa yasiyoondolewa mafuta zinaongeza kilokalori 190 hivi. Mara mbili kwa siku ni 380, karibu nusu ya faida yote ya mpango wa pili. Kwa upande mwingine, kama thamani iliyoandikwa kwenye lebo imehesabiwa pamoja na maziwa, anayechanganya na maji anapata protini pungufu. Maji yanayochemka hufanya protini igande mabonge; tumia ya baridi au vuguvugu. Kunywa taratibu kwa dakika 15 hadi 20. Kilichokwisha kuchanganywa kisikae nje kwa saa nyingi, maana bakteria hukua humo kama wanavyokua kwenye maziwa.

Kufunga choo hutokea kwa wengi kwa kuwa nyuzinyuzi na ujazo wa chakula vimepungua. Lita 2 hadi 2.5 za maji kwa siku na nyuzinyuzi za kuongezea husaidia. Kichwa kuuma, baridi na harufu ya mdomo huja siku za kwanza. Nywele kupukutika huja baadaye, kama miezi mitatu baada ya kuanza, na kwa kawaida huota tena. Kupungua kwa kasi huleta pia mawe kwenye kifuko cha nyongo, kwa sababu kifuko kisichosukumwa na mafuta hakijikamui. Hivyo angalau mlo mmoja wa siku uwe na gramu 7 hadi 10 za mafuta, na usiwe shujaa wa poda isiyo na mafuta kabisa. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, macho ya njano, moyo kwenda mbio au kuzimia ni sababu za kusimamisha na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sehemu ya uzito unaopotea ni misuli. Mazoezi ya kunyanyua au kusukuma uzito, hata wa mwili wako mwenyewe, mara mbili au tatu kwa wiki hupunguza hasara hiyo.

Kurudi kwenye chakula

Hapa ndipo hoja ya rafiki wa tatu huamuliwa. Kwa kila kilo iliyopotea mwili hutumia pungufu ya kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, wakati hamu ya kula inapanda. Aliyetoka kilo 95 hadi 82 anahitaji takriban 300 pungufu ya zamani kila siku, na hamu yake inamvuta upande mwingine. Akirudia sahani yake ya awali, kunenepa tena ni hesabu tu. Si ulegevu wa tabia, na ndugu wasimcheke.

Aliyekuwa kwenye mpango wa tatu arudi kwa wiki 2 hadi 8. Aondoe sacheti moja na kuweka mlo mmoja wa kilokalori 400 hivi: nusu ya sahani mboga, robo protini, robo wanga. Akae hapo wiki moja au mbili, apime uzito, ndipo aongeze mlo wa pili, kisha wa tatu. Anayeruka kutoka 850 hadi sahani kamili kwa siku moja huvimba miguu na tumbo kwa chumvi na maji, hukata tamaa kwa kuona mzani, na mara nyingi huacha kila kitu wiki hiyo.

Baada ya hapo, ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Uzito ukipanda kilo 2 juu ya ule aliotulia nao baada ya kurudi kula, arudi kwenye milo miwili mbadala kwa wiki 2 hadi 4. Ukifika kilo 4, azungumze na mtaalamu wake kuhusu kurudia poda kamili kwa muda mfupi. Sacheti chache zibaki kabatini kwa ajili hiyo, na tarehe ya mwisho wa matumizi iangaliwe.