Sukari ya mama, moyo wa mtoto: "hatari" ina maana gani hapa?

Ukienda kupima afya Dar es Salaam, iwe zahanati ya mtaani Mbagala au hospitali kubwa ya mjini, kuna swali hulikwepi: "Kwenu kuna mwenye sukari au presha?" Mtu anajibu "mama", mhudumu anaandika, kazi inaendelea. Swali linalopaswa kufuata ni nadra kuulizwa: mama alikuwa na sukari hiyo wakati amekubeba wewe, au ilimpata baadaye?

Majibu hayo mawili hayana uzito sawa. Wataalamu wanaposema kwamba aliyezaliwa na mama mwenye kisukari ana hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ukubwani, wanazungumzia hasa ile sukari iliyomkuta mtoto tumboni. Wengi huisikia kauli hiyo wakadhani inasema "ugonjwa uko kwenye ukoo". Inasema zaidi ya hapo.

Sukari inayomkuta mtoto tumboni huja kwa njia mbili. Kuna mama anayeshika mimba akiwa tayari na kisukari, cha aina ya kwanza au ya pili. Na kuna kisukari cha mimba, kinachojitokeza ndani ya ujauzito wenyewe. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoipunguzia nguvu insulini ya mama, yaani kile kinachoshusha sukari ya damu. Kwa kawaida kongosho la mama huongeza insulini kufidia. Kwa baadhi ya akina mama halimudu, na sukari inapanda, mara nyingi bila dalili yoyote. Kipimo kinachofahamika hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: mama hupimwa kabla hajala, anakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha anapimwa tena. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula au 8.5 baada ya saa mbili inatosha kusema ana kisukari cha mimba. Kupima mkojo pekee hakutoshi. Mkojo unaweza kuonekana safi huku sukari ya damu imepanda.

Sasa twende kwa mtoto, maana huko ndiko kwenye kiini. Daktari wa Denmaki, Jørgen Pedersen, alieleza miaka ya 1950 jambo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa kuelewa suala hili: glukosi ya mama inavuka kondo la nyuma, lakini insulini yake haivuki. Mtoto anapokea sukari yote inayozidi bila kupokea kinachoidhibiti. Inabidi kongosho lake dogo lifanye kazi lenyewe, nalo linamwaga insulini kwa wingi. Kwa mtoto aliye tumboni, insulini ni kama mbolea. Inamkuza, na inamjaza mafuta.

Ndiyo maana wengi wa watoto hao huzaliwa wakubwa. Kwetu mtoto wa kilo nne na nusu hupokewa kwa vigelegele, bibi anamnyanyua na kusema huyu kashiba tangu tumboni. Sioni sababu ya kumnyima bibi furaha yake, na watoto wengi huzaliwa wakubwa bila tatizo lolote. Ila uzito huo ni ujumbe unaostahili kusomwa. Angalia kinachotokea kitovu kikishakatwa: sukari ya mama imekoma ghafla, insulini ya mtoto bado iko juu, na sukari yake inaweza kushuka vibaya ndani ya saa chache. Wauguzi humtoboa kisigino kidogo wapime, na humhimiza mama amnyonyeshe mapema. Tatizo hilo kwa kawaida hupita. Lakini linatuonyesha kwamba mwili wa mtoto ulikwisha kujipanga kwa ajili ya maisha ya sukari nyingi.

Huko kujipanga ndiko kunakobeba dhana yote. Daktari wa Uingereza, David Barker, katika miaka ya 1980 aligundua kwamba wanaume wa Hertfordshire waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo ukubwani. Tangu hapo wanasayansi wameona kwamba miezi tisa ya mimba inaweka msingi ambao nyumba nzima ya maisha itausimamia. Barker alitazama watoto waliopungukiwa. Sukari iliyozidi ni upande wa pili wa mizani hiyo hiyo. Kinachopangwa ni utando laini wa ndani ya mishipa, namna mwili unavyohifadhi mafuta, namna unavyoitumia insulini, na presha. Watoto wa mama waliokuwa na kisukari cha mimba wameonekana kuwa na presha ya juu kidogo kuliko wenzao tangu utotoni. Jeni zenyewe hazibadiliki. Juu yake zinawekwa alama zinazoamua ipi isomwe sana na ipi ikae kimya.

Msomaji makini atauliza: utajuaje si urithi tu? Jibu zuri kuliko yote ninayoyafahamu lilitoka kwa jamii ya Pima, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, ambao kisukari kimewasumbua kwa vizazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti walilinganisha ndugu wa tumbo moja: waliozaliwa kabla mama hajagundulika kuwa na kisukari, na wadogo zao waliozaliwa baada ya hapo. Wale wa baadaye ndio waliopata kisukari zaidi, na walikuwa wanene zaidi. Walipofanya ulinganisho huo kwa kisukari cha baba, tofauti hiyo haikuonekana. Damu ya ukoo ni ile ile. Kilichobadilika ni hali ya tumbo walimokulia.

Utafiti huo ulihusu kisukari na unene. Kwa upande wa moyo, kazi kubwa ilitoka Denmaki mwaka 2019. Ilihusisha zaidi ya watoto milioni 2.4 waliozaliwa kati ya 1977 na 2016, wengine wakifuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Waliozaliwa na mama wenye kisukari walipata magonjwa ya moyo na mishipa mapema kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 29. Mama akiwa na kisukari pamoja na maradhi ya moyo yeye mwenyewe, kiwango kilipanda zaidi. Waliozaliwa na kasoro za moyo hawakuingizwa, na hilo tulikumbuke: tundu kwenye moyo wa mtoto mchanga ni suala jingine, linalotokea katika wiki za mwanzo kabisa za mimba.

Asilimia 29 inatisha ukiisikia peke yake. Hapa ndipo neno "hatari" linapotupoteza, kwa sababu kwetu hatari ni simba mlangoni. Daktari akilitumia anahesabu watu. Kwa hesabu za utafiti huo, hadi kufika miaka 40, katika kila watu 100 waliozaliwa na mama wasio na kisukari, kama 13 walikuwa wamepata mojawapo ya magonjwa hayo. Kwa wale wa mama wenye kisukari, walikuwa kama 18. Wamezidi watano. Hesabu hiyo imechukua magonjwa mengi, yakiwamo presha na damu kuganda miguuni, kwa hiyo usidhani ni watu 18 walioanguka kwa shambulio la moyo. Na 82 waliobaki hawakuugua kufikia umri huo. Tena, utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kutenganisha kila kitu, kwani mama na mtoto hula chungu kimoja kwa miaka mingi. Mimi nauchukua kama sababu ya kuanza kujiangalia mapema, na nimefanya hivyo.

Mama yangu hakuwahi kupimwa sukari akiwa na mimba yangu. Nilipomuuliza alicheka: "Mwanangu, wakati ule nani alikuwa anapima? Ulizaliwa bonge, basi." Sukari yake ilijulikana miaka minne baadaye, na anakumbuka kwamba hata kabla ya hapo alikuwa na kiu isiyoisha, na sisimizi walikuwa wakijaa chooni. Huo si ushahidi wa kitabibu, lakini ni habari ambayo daktari wangu aliiandika. Ukikaa na mama yako, muulize kwa upole. Ulizaliwa na kilo ngapi? Kama kadi ya kliniki ipo, itoe kabatini. Na asione kama anashitakiwa, maana mama hakuiagiza sukari hiyo, na wengi waliibeba bila kuambiwa na mtu. Nimeona akina mama wakilia wakidhani wamewaumiza watoto wao kwa soda na maandazi. Homoni za kondo la nyuma hazina uhusiano na uzembe.

Kama mama alikuwa na sukari akiwa na mimba yako, usisubiri kufika miaka 40 ndipo upime presha. Kapime ukiwa kijana, ukiwa umeketi na kupumzika dakika tano, mkono umeegemea meza, si ukishuka tu kwenye daladala huku unahema. Pima sukari na lehemu (mafuta yaliyomo kwenye damu) pia. Uzito, chumvi, sigara na kutembea kwa miguu vina nguvu kwako kama kwa mtu mwingine yeyote, na kwako vina faida zaidi kwa sababu umeanza na deni.

Mama naye asisahauliwe. Aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana uwezekano unaokaribia mara kumi wa kupata kisukari cha aina ya pili ukilinganisha na asiyewahi kukipata, na anatakiwa apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi huishia pale pale mtoto anapozaliwa, kwa sababu safari zote za kliniki baada ya hapo ni za chanjo na mizani ya mtoto. Mkienda kupima, nendeni wote wawili asubuhi moja. Kipimo cha sukari kinataka tumbo tupu, kwa hiyo chai na chapati zisubiri mkitoka.