Kwilti ya kisasa ni nini, na aliye Lamu aijifunze vipi mtandaoni

Kwilti ni tandiko la matabaka matatu. Juu kuna uso, ambao mara nyingi ni vipande vya vitambaa vilivyounganishwa. Katikati kuna kijazo cha pamba au polista. Chini kuna bitana. Matabaka hayo hushikizwa kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini, kisha ukingo unafungwa kwa utepe. Ni mishono hiyo ya kushikiza inayolifanya tandiko liwe kwilti. Vipande vilivyounganishwa peke yake, hata vipendeze namna gani, bado ni uso tu.

Hadi hapo fundi yeyote wa mtaa wa Langoni, Lamu, amekwisha kuelewa. Kinachohitaji maelezo ni huo ukisasa. Kwilti inaweza kushonwa leo asubuhi na bado ikawa ya mtindo wa zamani: nyota zilizopangwa kwa usawa, maua madogo madogo, mpaka kuzunguka pande zote nne. Kwilti ya kisasa ina alama zake. Rangi zake ni kali, na vitambaa vingi ni vya rangi moja. Sehemu kubwa ya uso huachwa wazi, bila kipande chochote, ili umbo moja au mawili yaliyowekwa yapate kuonekana. Umbo lenyewe halilazimiki kukaa katikati. Linaweza kusukumwa pembeni hadi likakatwa na ukingo. Na washonaji wengi hukata bila kipimo, wakiunganisha kipande kwa kipande na kuamua njiani kitakachofuata.

Mtindo huu ulikulia kwenye intaneti. Miaka ya 2000 washonaji, hasa wa Marekani, walianza kuoneshana kazi zao kwenye blogu na kwenye Flickr, tovuti ya kuwekea picha. Mwaka 2009 Alissa Haight Carlton na Latifah Saafir wakaanzisha chama cha Modern Quilt Guild huko Los Angeles, na Februari 2013 maonyesho yake ya kwanza makubwa, QuiltCon, yakafanyika Austin, Texas. Kwa hiyo anayejifunza kwilti ya kisasa kwa simu yake hajakimbilia njia ya mkato kwa kukosa mwalimu. Walioujenga mtindo walifundishana hivyohivyo.

Sura yake, hata hivyo, ni kongwe kuliko jina lake. Huko Gee's Bend, Alabama, mahali panapozungukwa na kona ya mto, wanawake Weusi ambao wazee wao walitumikishwa kwenye mashamba ya pamba wameshona kwa vizazi kutoka suruali za kazi zilizochakaa, magunia na mabaki. Mistari yao hupinda, miraba haikai sawasawa, rangi zinagongana kwa makusudi. Mwaka 2002 kwilti zao zilioneshwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka huohuo katika jumba la Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Anayedhani kukata bila rula ni uzembe aziangalie hizo kwanza, tena kwa utulivu.

Mkondo mwingine naona uko karibu zaidi na sisi. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wa Kisiddi hushona tandiko liitwalo kawandi, na namna yao ni kinyume kabisa na ya Marekani. Hawaunganishi uso kwanza. Hutandika bitana, mara nyingi sari kuukuu, kisha huanza kuweka vipande ukingoni, kila kipande kikiwa kimekunjwa kingo zake kwa ndani, na kuvishona kwa bandi za mkono zinazopenya matabaka yote kwa pamoja. Mshonaji hulizunguka tandiko, mzunguko baada ya mzunguko, akielekea katikati. Kwenye pembe nne hushikizwa vijitambaa vilivyokunjwa pembetatu, wanavyoviita phula, yaani maua, na bila hivyo kazi haihesabiwi kuwa imekamilika.

Washonaji wa kisasa wa Ulaya na Marekani wameipenda kawandi, na masomo yake mtandaoni si haba. Haitaki cherehani, wala kisu maalumu, wala kijazo cha dukani. Mtu mwenye sindano, uzi na kanga zilizochakaa ningemwambia aanzie hapo na aziache video za cherehani kwanza. Hasa Lamu, ambako mkono uliozoea kudarizi kofia hautaona ugeni wowote.

Sasa, tukirudi kwenye simu, kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: ilhamu na somo. Pinterest na Instagram ni maghala ya ilhamu. Utatoka humo na hamu kubwa, na hamu ina kazi yake, ila picha ya kwilti iliyokwisha haisemi vipande vilikatwa upana gani wala kuunganisha kulianzia wapi. Somo hukupa vipimo kabla ya kukata, hukuonesha mikono ikishona, na hukuonesha pasi. Mimi video isiyoonesha pasi naiacha. Kila mshono wa kwilti hupigwa pasi kabla ya kipande kingine kuongezwa, ama ukilazwa upande mmoja ama ukifunguliwa pande mbili, na anayeruka hapo ataona pembe za miraba yake hazikutani.

Masomo mengi ni ya Kiingereza, na kutafuta kwa Kiswahili bado hakumfikishi mtu mbali. Andika "modern quilt", kisha uongeze unachokitaka: "improv" kwa kukata bila kipimo, "log cabin" kwa vipande vinavyozunguka mraba wa kati, au "kawandi". Kiingereza kikikupiga chenga, zima sauti, punguza kasi ya video, utazame mikono. Jenny Doan wa Missouri Star Quilt Company ana mamia ya masomo YouTube bila malipo. Mengi ni ya mtindo wa jadi kuliko wa kisasa, lakini kuunganisha ni kulekule na anakwenda polepole.

Ilhamu si lazima imalize bando lako. Zidaka za nyumba kongwe za mtaa wa Mkomani ni safu za visanduku vya chokaa vinavyorudiarudia. Chora safu moja kwenye karatasi ya miraba, ongeza kisanduku kimoja ukubwa, kingine ukiache kitupu, na tayari una muundo usio wa mtu mwingine. Hilo nalo lina uzito wake, kwa sababu miundo inayouzwa mtandaoni ni mali ya waliobuni. Kununua nakala moja na kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp ni kumla mtu jasho lake. Miraba ya jadi ni ya wote.

Kuna jambo linaloangusha hata mafundi hodari, na pengine wao hasa. Masomo karibu yote yanatumia mshono wa robo inchi, kama milimita 6 kutoka ukingoni. Fundi wa gauni huacha akiba pana zaidi, apate pa kupanulia mteja akinenepa. Kwenye kwilti akiba imeshahesabiwa ndani ya kipimo: mraba unaokatwa inchi 12 na nusu hukaa inchi 12 kamili ukishaunganishwa pande zote. Mshono ukizidi kwa milimita moja, kila kiungo kinakula milimita mbili, na safu yenye viungo 20 imepungua sentimita 4. Hapo safu ya pili yenye viungo vichache haitaki tena kukaa nayo, na hakuna kuvuta kitambaa kutakakosaidia. Jipime kabla: kata vipande vitatu vyenye upana wa inchi moja na nusu, viunganishe kwa urefu, piga pasi. Cha kati kikibaki na inchi moja kamili, mshono wako ni sahihi. Cherehani ya mguu inatosha kabisa, kwa kuwa kuunganisha kunahitaji mshono ulionyooka tu.

Vifaa visikutishe. Kile kisu chenye gurudumu la wembe kinachoonekana kila video kilitolewa na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979. Kabla yake watu walikata kwa mkasi na kipimo cha kadibodi, na kadibodi haijaharamishwa. Kijazo ndicho cha kufikiria. Video nyingi zimetengenezwa na watu wanaokaa nchi za baridi, na kijazo chao kinene kwa joto la Lamu ni adhabu. Weka shuka la pamba lililochakaa, au flaneli. Usufi wa mito usiutie: nyuzi zake zinateleza, na baada ya kufuliwa mara chache zitajikusanya upande mmoja.

Kwa zile sehemu zinazoachwa wazi, vitambaa vya rangi moja kama bafta, kaniki na marekani vinafaa sana. Hicho kitambaa cha marekani, kwa taarifa, karne ya 19 kilikuwa kikija pwani hii kutoka viwanda vya Massachusetts, kwa hiyo anayekishonea kwilti hajakopa kitu kigeni. Kanga mpya ina wanga na hutoa rangi, basi ifue na uipige pasi kabla ya kuitia mkasi. Kanga moja, yenye kama sentimita 150 kwa 110, inakupa vitambaa vya namna mbili: pindo lenye michoro ya kujirudia na mji, yaani sehemu ya kati, wenye michoro mikubwa. Jina, yale maneno ya kanga, je? Wapo wanaolikatakata herufi zikawa mapambo. Mimi ningeliacha zima, peke yake, kwenye uwanja mpana wa kaniki. Hiyo ni kwilti ya kisasa kuliko nyingi zinazosifiwa Instagram, ingawa shangazi yako bado atakuuliza, "Mwanangu, mbona unatia viraka na nguo nzima zipo?"

Anza na kitu kidogo, foronya ya mto au kitambaa cha meza, maana tandiko la kitanda linamchosha mwanafunzi kabla hajafika kwenye bitana. Na ukikwama, ukitaka kuuliza kwenye kundi la washonaji, usitume picha ya uso peke yake. Geuza kazi upige picha nyuma, kabla hujaifunga na kijazo, rula ikiwa juu ya mshono. Kosa likiwepo, wenye uzoefu wataliona huko.